Umri Pekee Hautoshi Kumkabidhi Kijana Usukani



Tarehe 1 Agosti 1987 Serikali ya New Zealand ilianza kutumia sheria ambayo nchi nyingine zilikuwa zikiizungumza tu, na hakuna hata moja iliyokuwa imethubutu kuitekeleza kwa ukamilifu. Sheria hiyo haikuongeza umri wa kupata leseni ya kuendesha motokaa. Haikujenga barabara mpya wala kuongeza adhabu za mahakamani. Ilichofanya ni kuigawa leseni katika daraja tatu, na kumtaka kijana azipande moja baada ya nyingine, kila daraja na masharti yake, mpaka aonekane kuwa amekomaa katika kazi ya kushika usukani.

Kabla ya hapo, na tangu miaka ya 1920, mtoto wa miaka 15 katika nchi hiyo aliweza kufanya mtihani asubuhi, akafaulu, na jioni ya siku ile ile akaingia barabarani peke yake, akiwa na haki zote sawa na za dereva aliyeendesha miaka 30. Umri huo haukuwekwa kwa uzembe. New Zealand ni nchi ya mashamba na ng'ombe na kondoo, nyumba ziko mbali mbali, na kijana aliyemaliza shule mapema alitakiwa kuendesha gari ili afike kazini. Lakini madhali magari yaliongezeka na mwendo wake ukaongezeka, hesabu ya makaburi ya vijana nayo ikaongezeka, na watawala wakalazimika kujiuliza kama haki ile ilikuwa msaada kwa kijana au mtego.

Kwa mpango wa mwaka 1987, kijana alianza na leseni ya kujifunza. Kwa muda wa miezi 6 hakuruhusiwa kuendesha bila ya kuwa na mtu mzima mwenye leseni kamili na mwenye uzoefu, ameketi kando yake. Daraja ya pili ilikuwa leseni yenye masharti. Hapo aliweza kwenda peke yake, lakini si baina ya saa 4 za usiku na saa 11 za alfajiri, wala hakuruhusiwa kubeba wenzake ovyo, isipokuwa awe amefuatana na msimamizi. Daraja hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Aliyehudhuria mafunzo yaliyokubaliwa alipunguziwa muda. Aliyevunja masharti alichelewa kufika daraja ya tatu, ambayo ndiyo leseni kamili. Mwaka 2011 umri wa kuanza uliongezwa kutoka miaka 15 hadi 16, na mwaka huo huo wote walio chini ya miaka 20 wakakatazwa kuendesha wakiwa na hata chembe ya pombe katika damu.

Wapo waliosema kwamba masharti hayo yanawaadhibu vijana wema kwa makosa ya vijana wabaya. Hoja hiyo husikika kila mahali sheria ya namna hii inapopendekezwa, na inafaa ijibiwe kwa hadhi yake. Anayeitoa hudhani kwamba ajali za vijana hutokana na utukutu. Ni kweli utukutu upo. Lakini wachunguzi wa ajali katika nchi nyingi wamekuta kwamba idadi kubwa ya ajali za madereva wapya si za mashindano ya kasi wala za ulevi. Ni ajali za mtu ambaye hakuona jambo mapema, au aliona akachelewa kuelewa maana yake. Dereva mgeni hukodoa macho karibu na pua ya gari lake. Dereva wa siku nyingi hutazama mbali, na kila mara hupitisha jicho kandoni na kwenye kioo. Mgeni huona mpira umevuka barabara. Mzoefu huona kwamba nyuma ya mpira atatokea mtoto. Ujuzi huo haupatikani kwa kukariri alama za barabarani, na kijana mtiifu kuliko wote katika kijiji hana budi kuupata kwa kuendesha siku baada ya siku, katika jua na mvua.

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Hesabu zilizokusanywa Kanada, Marekani na kwingineko zinaonyesha kwamba maadamu mwanafunzi yuko na msimamizi kando yake, ajali ni chache mno. Siku anapoachwa peke yake ajali hupanda ghafula, na mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Kisha, katika nusu ya mwaka inayofuata, hushuka kwa haraka. Kwa maneno mengine, kijana hufundishwa na barabara yenyewe. Kazi ya sheria ya daraja ni kuhakikisha kwamba katika miezi hiyo michache anapewa barabara nyepesi kwanza, yaani barabara ya mchana na gari lisilo na umati.

Kwa nini usiku? Kila askari aliyekwenda doria anajua kwamba giza hubadili umbali. Taa za gari la kawaida humulika kipande kifupi cha njia, na mwendo ukizidi kiasi, dereva huwa anakwenda kasi kuliko macho yake yanavyoweza kumtahadharisha. Katika Afrika ya Mashariki jambo hilo ni zito zaidi kuliko New Zealand. Njia kuu nyingi hazina taa hata moja nje ya miji. Lori lililoharibika huachwa palepale lilipozimika, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake. Watu hutembea kandoni mwa lami wakiwa na nguo za rangi ya usiku, na baiskeli hazina taa. Dereva wa miaka mingi huogopa mambo hayo na kupunguza mwendo. Kijana wa wiki ya pili hayaogopi, kwa kuwa bado hajakutana nayo.

Na kwa nini wenzake? Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulilinganisha vifo vya madereva wa miaka 16 na 17 walipokuwa peke yao na walipokuwa na abiria. Ilionekana kwamba kila abiria aliyeongezeka aliongeza hatari, na walipofika abiria watatu au zaidi hatari ya dereva kufa ilikaribia mara tatu ya ile ya kuwa peke yake. Kwa madereva wa makamo, miaka 30 hadi 59, abiria hawakuleta madhara hayo. Mtu mzima akibeba watu hujiona amebeba amana. Kijana akibeba vijana wenzake hujiona yuko jukwaani. Askari hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu lori la vijana wanaorudi kutoka likizo, wakiimba, wakimhimiza dereva wao apite basi lililo mbele, ni jambo linalojulikana katika kila jeshi la dunia.

Matokeo ya sheria ya New Zealand yalipimwa katika miaka iliyofuata. Majeruhi wa umri wa miaka 15 hadi 19 walipungua kuliko ilivyotarajiwa, na upungufu huo haukuonekana kwa kiasi hicho miongoni mwa watu wazima waliotumia barabara zile zile. Inafaa kusema wazi kwamba sehemu ya upungufu haikutokana na ustadi. Vijana wengine waliona masharti ni mazito, wakaahirisha kutafuta leseni, na asiyeendesha hagongi. Lakini hata hilo ni faida, maana maisha yaliyookolewa hayaulizwi yameokolewa kwa njia gani.

Wazo lenyewe, ajabu yake, halikuzaliwa New Zealand. Mapema miaka ya 1970 Patricia Waller, mtaalamu wa usalama barabarani katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, aliandika kwamba mtu hapewi haki zote za barabara kwa siku moja kama vile hapewi haki zote za utu uzima kwa siku moja. Nchi yake haikumsikiliza upesi. Florida ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuchukua mpango wa daraja tatu, mwaka 1996, na North Carolina, nyumbani kwa wazo hilo, ilifuata mwaka 1997, miaka 10 baada ya New Zealand. Hivi sasa majimbo yote ya Marekani yana mpango huo, kwa ukali tofauti. Katika South Dakota, jimbo la wakulima, mtoto wa miaka 14 bado huweza kupewa kibali cha kujifunza.

Lakini Wamarekani waliacha tundu katika wavu wao, na tundu hilo lina somo kubwa kwa Afrika ya Mashariki. Katika majimbo mengi masharti yalimhusu aliye chini ya miaka 18 tu. Vijana wengi, na aghalabu wale wa nyumba zisizo na fedha za mafunzo, wakangoja wafikishe miaka 18, kisha wakachukua leseni kamili bila ya kupitia daraja yoyote. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba pale sheria zilipokuwa kali, ajali za kufisha za madereva wa miaka 16 zilipungua kwa asilimia 26, na za madereva wa miaka 18 zikaongezeka kwa asilimia 12. Siku ya kuzaliwa haikuwafundisha chochote. New Zealand iliona hatari hiyo mapema, na mwaka 1999 ikawaweka madereva wapya wa umri wowote chini ya mpango wa daraja.

Uswidi nayo ilitoa ushahidi kutoka upande mwingine. Mwaka 1993 nchi hiyo ilishusha umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 17 na nusu hadi miaka 16, huku umri wa kupata leseni ukibaki miaka 18. Mtu wa haraka angedhani kwamba ajali zingeongezeka. Kinyume chake, waliotumia nafasi hiyo wakafanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi wakiwa na wazee wao walipata ajali chache baada ya kupewa leseni kuliko waliotangulia. Kilichopimwa hapo hakikuwa umri, bali saa nyingi za kuendesha chini ya jicho la mtu mzima.

Sheria za Uganda, Kenya na Tanzania zote zinamtaka mwenye leseni ya motokaa awe ametimiza miaka 18. Umri huo ni mzuri, na hakuna sababu ya kuupunguza. Taabu ni kwamba mlango huo ukishafunguliwa hufunguliwa wote. Kijana wa miaka 18 na siku moja, aliyejifunza kwa wiki chache mchana katika mitaa ya mji, huweza kesho yake kushika gari la watu saba na kuondoka Kampala saa 3 za usiku kuelekea Gulu. Hajavunja sheria yoyote. Mafunzo yake hayakumwonyesha giza, wala mvua ya mawe, wala lori linalokuja na taa moja tu.

Na huyo ndiye anayeifuata sheria. Wako pia wasioifuata, hasa katika pikipiki. Bodaboda, ambazo jina lake lilitokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka baina ya Kenya na Uganda, zimekuwa riziki ya vijana wengi na miguu ya wananchi wote. Zimekuwa vilevile shule ya kwanza ya udereva, shule isiyo na mwalimu. Mtoto wa miaka 15 hupewa pikipiki na mjomba wake aifikishe mashine ya kusaga. Mwaka mmoja baadaye anabeba wanafunzi watatu na mabegi yao. Polisi wa Uganda walihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Waendao kwa pikipiki na waendao kwa miguu ndio walio wengi katika hesabu hiyo. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1 na 190,000 katika mwaka 2021, na kueleza kwamba hakuna ugonjwa wala vita vinavyoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zisizo tajiri.

Sheria ya namna hii husimama au huanguka mikononi mwa askari wa barabarani. Masharti ya usiku hayana maana ikiwa askari hawezi kumtambua anayehusika nayo. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilikabili swali hilo mwaka 2010 kwa kuwaamuru madereva wa daraja za chini walio chini ya miaka 21 wabandike vibandiko vidogo vyekundu kwenye vibao vya namba, mbele na nyuma. Wazazi wengine walinung'unika, wakahofu kwamba wahalifu watawatambua watoto wao, na shauri likafika mahakamani, sheria ikathibitishwa. Baada ya hapo polisi waliandika makosa mengi zaidi ya kuvunja masharti, na ajali za madereva hao zikapungua. Kibandiko chenyewe kina bei ndogo sana. Herufi L inayofungwa kwenye magari ya wanafunzi katika Afrika ya Mashariki ni ya ukoo huo huo, ila hufunguliwa siku ya mtihani, yaani siku ile hasa ambayo hatari inaanza.

Jambo jingine ni gumu kulisema, lakini wenye kusikiliza wanalijua. Kijana akisimamishwa kwenye kizuizi husema, "Afande, leseni nimeisahau nyumbani." Afande naye hutazama, akamtambua kuwa ni mtoto wa mzee fulani, au mtoto wa mkubwa fulani, akamwambia apite, asirudie tena. Wakati mwingine noti hupita kutoka mkono hadi mkono. Yamkini askari huyo huona kwamba ametenda wema, kwa kuwa hakumharibia kijana siku yake. Kilomita 10 mbele, askari mwingine ndiye atakayepima alama za breki kwa futi, na kuandika jina la kijana huyo huyo katika kitabu. Vilevile ofisa aliyetia sahihi leseni ya mtu asiyefanya mtihani hayuko mahali pa ajali, na jina lake haliandikwi popote.

Kwa upande wa majeshi, yapo yaliyojichunguza bila ya kujificha. Mwezi wa Julai 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya ajali za magari ya kijeshi nje ya vita, yakiwemo ya deraya na malori, katika Jeshi la Nchi Kavu na Kikosi cha Marini. Kutoka mwaka 2010 hadi 2019 kulikuwa na ajali 3,753, na askari 123 walikufa, bila ya adui kufyatua risasi hata moja. Sababu zilizotajwa mara nyingi zilikuwa dereva kutokuwa makini, wakubwa kulegea katika usimamizi, na upungufu wa mafunzo.

Ndani ya taarifa hiyo mna maelezo ambayo yangeweza kuandikwa juu ya kijana yeyote wa uraiani. Askari dereva alipewa leseni baada ya masomo ya darasani na mazoezi mafupi ya msingi. Kilichobaki, yaani usiku, milima, matope na msafara mrefu, kiliachiwa kikosi chake kimfundishe. Lakini kikosi kina kazi nyingi, na mafunzo ya udereva yalisukumwa nyuma na mambo yaliyoonekana ya haraka zaidi. Wakaguzi walikuta kwamba hapakuwa na utaratibu ulio wazi, wenye vipimo, wa kumtoa dereva kutoka leseni ya mwanzo hadi ustadi kamili. Walipendekeza utaratibu huo uwekwe.

Utaratibu kama huo hauhitaji fedha nyingi wala mitambo. Ofisa wa magari kambini anaweza kuwa na daftari moja, lenye jina la kila dereva kijana, saa alizoendesha mchana, saa alizoendesha usiku, na jina la sajini aliyeketi kando yake. Dereva ambaye safu yake ya usiku haina kitu asiandikiwe safari ya kuondoka jioni akiwa na askari 20 nyuma ya lori, hata kama leseni yake ina mihuri yote, na hata kama mkubwa anayesubiriwa upande wa pili ana haraka.